Mapafu ya Mchimbaji ni Amana

KWA zaidi ya muongo mmoja sasa malori ya makaa ya mawe yamekuwa yakitoka Ngaka usiku na mchana. Mengine hushika njia ya Songea na Makambako kuelekea viwanda vya saruji, mengine hukata Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Mgodi wa Ngaka, katika wilaya ya Mbinga, ulianza kuchimbwa mwaka 2011 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Australia. Mwaka 2016 serikali ilipozuia makaa kutoka nje ya nchi, viwanda viligeuza macho kuelekea huku kwetu. Na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, makaa ya Ruvuma yalipakiwa melini Mtwara kwa wingi kwenda ng'ambo.

Neema hii hatuikanushi. Zipo nyumba zilizoezekwa kwa ujira wa mgodi, wapo watoto waliosomeshwa kwa ujira huo, na hata baadhi ya misikiti na madrasa zetu zina matofali yaliyonunuliwa kwa mchango wa kijana aliyetoka kupakia makaa. Lakini ndani ya kazi hiyo kuna deni lisiloandikwa kwenye hati ya mshahara. Deni hilo lina tabia ya ajabu: halidaiwi siku lilipokopwa. Huja kudaiwa baada ya miaka kumi, ishirini, pengine arobaini, wakati mwenye kulilipa amekwisha kurudi nyumbani kwake, mwajiri wake hajulikani aliko, na karatasi zake zimeliwa na mchwa. Ugonjwa wa vumbi hufika kwa kuchelewa, ilhali ushahidi wake hupotea mapema. Kwa hiyo ushahidi huo sharti uwekwe leo, mchimbaji angali na nguvu zake. Hiyo ndiyo hoja yetu ya mwezi huu.

Katika Kiarabu neno "ajal" maana yake ni muda uliowekwa, wakati ambao jambo limepangiwa kufika. Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili chetu cha leo likawa "ajali", na sasa tukilisikia tunafikiri gari lililopinduka au mwamba uliomwangukia mtu. Ajali ya namna hiyo kila mtu huiona: damu ipo, mashahidi wapo, polisi huandika, gazeti hutangaza. Maradhi ya vumbi yamebaki na ile maana ya kwanza ya neno. Yamepangiwa muda wake, na muda huo ukifika hakuna anayekumbuka siku yalipoanza. Sheria na desturi za makazini zimezoea kushughulika na ajali ya pili. Hii ya kwanza huachwa ipite.

Tueleze kwa ufupi namna vumbi linavyofanya kazi yake. Vumbi tunaloliona kwa macho, lile linalochafua nguo na kuta, kwa sehemu kubwa hukamatwa puani na kooni, likatemwa au kupengwa. Linaloua ni lile tusiloliona, chembe ndogo kuliko sehemu ya mia moja ya milimita, ambazo huelea hewani saa nyingi baada ya lori kupita. Hizo hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo hewa na damu hukutana. Huko zipo chembe hai za ulinzi ambazo kazi yake ni kuzimeza takataka. Vumbi likiwa kidogo, walinzi hao hulimudu. Likija kila siku, kwa miaka, walinzi hufa nalo kinywani, na pale walipofia mwili hujenga kovu. Kovu halipumui. Makovu yakiwa mengi pafu hukakamaa, na mtu huanza kuhema kwa kazi ambayo zamani hakuihesabu kuwa kazi.

Vumbi la makaa peke yake huleta madoa meusi na upungufu wa pumzi. Linapochanganyika na vumbi la mwamba, jambo huwa zito zaidi, maana mwamba una madini ya silika, na silika ni sumu kali kwa wale walinzi tuliowataja. Ugonjwa wa silika huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na unaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi kabisa. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitia silika hiyo katika orodha ya visababishi vya saratani ya mapafu mwaka 1997. Asidhani mtu kwamba haya ni ya zama za mishumaa na sururu. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walitoa habari za wachimba makaa 416 wenye makovu makubwa ya mapafu, wote wamepatikana katika kliniki tatu tu za jimbo la Virginia kati ya mwaka 2013 na 2017. Sheria ya kuwalinda ilikuwapo tangu mwaka 1969. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba makaa mazuri yamekwisha, na sasa mashine hukata mwamba mwingi ili kuyafikia makaa membamba.

Hapa nchini utafiti unaofahamika zaidi ulifanyika Kiwira, kaskazini ya ziwa letu. Daktari Simon Mamuya na wenzake wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walipima vumbi walilovuta wafanyakazi wa mgodi ule miaka ya 2003 na 2004, na matokeo yakachapishwa kuanzia mwaka 2006. Wengi wangetarajia kwamba aliye hatarini zaidi ni yule anayeyakata makaa yenyewe. Haikuwa hivyo. Waliovuta vumbi jingi kuliko wote, pamoja na silika yake, ni kikosi kilichokuwa kikichoronga na kulipua mwamba ili kufungua njia mpya. Na wale waliokuwa wamelimbikiza vumbi jingi kwa miaka walionekana kuwa na pumzi pungufu kuliko wenzao.

Atasema msomaji: Kiwira ni mgodi wa chini ya ardhi, na Ngaka ni mgodi wa wazi, upepo unavuma. Ni kweli, na upepo husaidia. Lakini katika mgodi wa wazi ndiko mwamba mwingi zaidi unakoondolewa ili makaa yafikiwe, na anayeendesha mtambo wa kuchoronga mwamba huo huvuta kile kile alichokivuta mwenzake wa Kiwira. Halafu yupo anayesimama kwenye mtambo wa kusaga na kuchekecha makaa. Yupo anayefagia kwa ufagio mkavu. Yupo kijana anayepanda juu ya lori lililojaa kufunga turubai, na yule aliyeko kwenye uwanja wa kuhifadhia makaa pale malori yanapopanga foleni. Na yupo mama anayeuza chai na vitumbua kando ya barabara ya Kitai kwenda Lituhi, ambaye hakuna orodha ya mgodi yenye jina lake, naye wakati wa kiangazi hulifuta vumbi jeusi kwenye meza yake mara kumi kwa siku.

Ulimwengu ulijifunza habari ya muda huu mrefu kwa uchungu kutokana na asbesto, yale madini yenye nyuzi ambayo yalichanganywa na saruji kufanya mabati na mabomba. Ngaka hakuna mgodi wa asbesto, ingawa yapo majengo ya zamani nchini ambayo bado yameezekwa kwayo, na fundi anayeyavunja au kuyakata kwa msumeno bila kinga anajitia hatarini. Tunaitaja asbesto kwa sababu hakuna vumbi jingine lililoonyesha waziwazi namna hii kwamba mtu anaweza kuuguzwa leo na pumzi aliyoivuta ujanani. Mwaka 1960 Wagner na wenzake wawili wa Afrika Kusini walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando unaofunika mapafu, ugonjwa ambao hadi wakati huo madaktari wengi walikuwa hawajauona hata mara moja maishani mwao. Karibu wote walikuwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Cape. Lakini wengi wao hawakuwa wachimbaji! Walikuwa wamekaa karibu na machimbo, baadhi wakiwa watoto, kisha wakahamia mbali na kuishi maisha mengine kabisa. Ugonjwa huo huchukua miaka ishirini, mara nyingi thelathini au arobaini, kujitokeza.

Mwaka 1965 madaktari wawili wa London, Newhouse na Thompson, waliwafuatilia wagonjwa 76 wa saratani hiyo hiyo. Tisa kati yao hawakuwahi kuajiriwa kwenye asbesto. Walikuwa jamaa wa wafanyakazi, na wengi wa hao walikuwa wanawake waliofua nguo za kazi za waume zao. Wengine 11 hawakuwa na lolote ila kwamba walikuwa wameishi karibu na kiwanda. Vumbi la makaa si asbesto, wala hatusemi kwamba kufua ovaroli ya mchimba makaa huleta saratani ile. Tunachosema ni kwamba mahali pa nguo ya vumbi ni kazini. Mgodi unaojali watu wake una mahali pa kuogea na kubadilishia nguo, na mfanyakazi hairudishi ovaroli yake nyumbani ikunguswe mlangoni, watoto wakiwa wamezunguka.

Si mara ya kwanza kwa watu wa pande hizi kuyapeleka mapafu yao migodini. Nyanda za juu za kusini na mwambao wa Nyasa hawajaisahau Wenela. Huyo alikuwa wakala wa makampuni ya dhahabu ya Afrika Kusini, akiandikisha vibarua katika nchi nyingi za kusini mwa bara hili, Tanganyika ikiwa mojawapo. Mwaka 1913 serikali ya huko ilikataza kuandikisha watu wa nchi za joto, kaskazini ya latitudo ya 22, kwa kuwa walikuwa wakifa mno kwa homa ya mapafu. Katika miaka ya 1930 zuio likaondolewa, kwa kuwa migodi ilihitaji watu. Wazee wetu walikwenda, wakarudi na makoti, baiskeli na gramafoni, na baadhi yao walirudi na kikohozi ambacho jamaa zao walikiita kifua cha Joni. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali yetu iliusitisha uandikishaji huo. Wazungu waliofanya kazi katika migodi ile ile walikuwa na sheria ya fidia ya mapafu na ofisi ya kupimwa tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mweusi alipimwa kwa haraka, akapewa kidogo au asipewe kitu, akapandishwa gari la kurudi kwao. Alipougua, aliugulia kijijini, na takwimu za mgodi zikabaki safi.

Dhulma hiyo ilikaa miaka mingi kabla ya kufikishwa mahakamani kwa ukamilifu. Mwaka 2016 mahakama kuu ya Johannesburg iliruhusu wachimbaji na wajane washitaki kwa pamoja, na mwezi Julai 2019 ikaidhinisha mapatano na makampuni sita ya dhahabu, ya randi bilioni 5, yanayosimamiwa na mfuko uitwao Tshiamiso. Mtu wa taifa lolote aliyefanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makampuni hayo na kupata silikosisi, au kifua kikuu kwa masharti yaliyowekwa, anaweza kudai, na akiwa amefariki familia yake hudai. Lakini mlango huo una tarehe: ni kwa waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965 hadi 10 Desemba 2019. Msomaji aliyeishika hesabu ataona mara moja. Wazee wetu waliokwenda na Wenela na kurudi kabla ya uandikishaji kusitishwa wako nje ya mlango.

Na hata walio ndani ya mlango, nani hufanikiwa? Ni yule ambaye jina lake limo katika kumbukumbu. Wakala aliyerithi kazi ya Wenela, aitwaye Teba, alihifadhi orodha za waajiriwa: jina, mgodi, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Orodha hizo, zilizoandikwa ili kumdhibiti mtu mweusi asitoroke kazini, leo ndizo zinazomwezesha mjane wa Lesotho au Msumbiji kuthibitisha kwamba mumewe alikuwepo. Huko Uingereza nako, mahakama ilipotoa hukumu mwaka 1998 kwamba shirika la serikali la makaa lilizembea kuwalinda wachimbaji na vumbi, yalipokelewa madai zaidi ya laki tano. Wengi waliodaiwa haki hiyo walikuwa wamekwisha kuzikwa. Lakini kadi zao za kazi zilikuwepo.

Sasa tujiulize kuhusu Ngaka. Kijana aliyefanya kibarua cha kupakia makaa kwa miaka minne, akiitwa asubuhi na kulipwa jioni mkononi, akihama kutoka kwa mkandarasi huyu kwenda kwa yule, ana kadi gani? Mwaka 2040 atakapoanza kuhema, atamwonyesha nani kwamba aliwahi kusimama juu ya lori lile? Hatuandiki haya kumshitaki mtu wala kampuni. Tunaandika kwa sababu walioanza kazi mwaka 2011 wameuingia muda ambao maradhi haya huanza kujitokeza, na hatutaki yaliyowapata wazee wa Wenela yawapate wajukuu wao, ambao mgodi wao uko mlangoni pao, ndani ya nchi iliyo huru na yenye sheria.

Maana sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe afya ya wafanyakazi wake inapimwa kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi wakiwa kazini. Na wakati wa kuondoka napo pana kipimo chake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko wa fidia, WCF, ambao ulianza kazi mwaka 2015. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake, wala hakatwi mfanyakazi hata senti moja. Nao haulipi walioanguka na kuvunjika tu: unatambua pia maradhi yatokanayo na kazi, maradhi ya mapafu ya vumbi yakiwemo. Lakini mfuko hulipa kwa ithibati. Daktari lazima aseme ugonjwa ni huu, na karatasi lazima ziseme kazi ilikuwa hii. Tena kuna ukomo wa muda wa kutoa taarifa, kwa hiyo anayeambiwa na daktari kwamba mapafu yake yana vumbi asilale nalo jambo hilo.

Kipimo cha kwanza, kile cha kabla ya kuanza kazi, vijana wengi hukiogopa wakidhani ni mtego wa kuwanyima ajira. Tunawanasihi wakielewe vingine. Picha ya eksirei ya siku ya kwanza ikiwa safi, ndiyo shahidi mkubwa kwamba makovu ya miaka kumi na tano baadaye hayakuletwa kutoka nyumbani. Picha hiyo hupigwa sambamba na kipimo cha kupuliza, ambacho huonyesha pafu linatoa hewa kiasi gani na kwa kasi gani. Mfanyakazi aombe nakala yake. Asikubali kuambiwa tu "uko sawa, rudi kazini". Neno hilo halitasomeka mwaka 2040.

Lipo jambo jingine linalotuhuzunisha. Anayekohoa na kukonda huku kwetu huambiwa ana kifua kikuu, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu mapafu yenye silika hushambuliwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi kuliko mapafu mengine, hata miaka mingi baada ya kuacha mgodi. Anayekohoa kwa wiki mbili na apimwe makohozi. Vipimo na dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kuchelewa ni kuwaambukiza wa nyumbani. Lakini wapo ambao makohozi yao hayana vijidudu, wakapewa dawa za miezi sita, wakamaliza, hawakupona, wakapewa tena. Huyo pengine ugonjwa wake ni makovu, na daktari hawezi kuyatafuta kama hakuambiwa. Hospitali zetu, iwe ya mkoa Songea, iwe Peramiho au Litembo, hupokea wagonjwa wengi, na daktari mwenye foleni ndefu huuliza "unaumwa nini?" Ni juu yako kumwongezea ambacho hakuuliza: "Nilifanya kazi ya kuchoronga mwamba miaka sita." Sentensi hiyo moja inaweza kugeuza njia yote ya matibabu.

Kuhusu maziwa, tuseme wazi. Imeenea imani kwamba mchimbaji akinywa maziwa baada ya zamu vumbi husafishika kifuani. Maziwa ni chakula kizuri. Lakini yana njia yake, na njia hiyo ni ya tumboni; vumbi lina njia yake, nayo ni ya mapafuni, na hawa wawili hawakutani. Mwajiri anayegawa pakiti ya maziwa mahali pa maji ya kunyunyizia vumbi amenunua kitu cha bei rahisi zaidi. Kinachozuia vumbi kinajulikana: maji kwenye mtambo wa kuchoronga na kwenye barabara za mgodi, vyumba vya mitambo vilivyofungwa na kuchujwa hewa, mitambo ya kusaga iliyofunikwa, malori yenye turubai zima. Baada ya hayo yote ndipo huja barakoa, nayo iwe ile ya kuchuja chembe ndogo, inayobana uso pande zote. Kitambaa cha kufungia uso huzuia mchanga tu. Sigara nayo huongeza balaa juu ya balaa.

Baadhi ya ndugu zetu, wakisikia mazungumzo kama haya, husema kwamba kila mtu ana siku yake na mapafu hayafi kabla ya siku hiyo. Maneno ni ya haki, lakini mahali pake si hapa. Hatujamsikia hata mmoja wao akiacha kufunga breki za lori lake mlimani Mbinga kwa sababu hiyo. Na pumzi ya mtu amepewa aitunze, kama alivyokabidhiwa mtoto au shamba. Mwajiri aliyeikodi kwa mshahara ameikodi kazi, hakuinunua pumzi.

Sisi wa misikitini tuna nafasi ya kuyaona haya mapema kuliko zahanati. Daktari humwona mtu siku anapougua. Sisi humwona mara tano kwa siku. Tunamjua aliyekuwa akisimama tarawehe zote bila kuchoka, na mwaka huu ameomba kiti. Tunamjua muadhini ambaye zamani aliuvuta mwito hadi mwisho wake kwa pumzi moja, na sasa anaukata katikati. Tunamjua anayetoka mapema nyumbani kwa sababu kilima cha kuja msikitini kimekuwa kirefu, ilhali kilima ni kile kile. Akiwa ni mtu wa makamo, tena aliwahi kufanya kazi ya vumbi, asiachwe aambiwe kwamba ni uzee. Mzee mmoja wa kamati na amshike mkono waende hospitali.

Kamati za misikiti ya Ruanda, Amani Makoro, Kitai na vijiji vilivyo njiani zinaweza kufanya jambo lisilohitaji fedha nyingi. Zinunue daftari kubwa la kurasa ngumu, na liandikwe humo kila aliyefanya kazi ya makaa, awe mwajiriwa au kibarua, awe wa dini yoyote, maana vumbi halimuulizi mtu anasali wapi. Liandikwe jina lake kamili na la baba yake, kazi aliyoifanya hasa, jina la kampuni au mkandarasi, mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kuacha, na majina ya wawili waliofanya naye kazi bega kwa bega. Kibarua asiyekuwa na mkataba ahifadhi chochote: kitambulisho cha getini, ujumbe wa malipo ya simu, risiti, picha aliyopigwa amevaa kofia ya kazi. Na kila mwenye eksirei aandike jina lake na tarehe juu ya bahasha, asiiweke juani wala chini ya godoro, bali pale pale anapoweka hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mkewe ajue iliko.